Potasiamu haipandi? Iulize magnesiamu

"Daktari, mtundikie dripu tu, madini yatarudi." Nimeambiwa tena wiki hii, na ndugu wa mgonjwa aliyekunywa kila siku kwa miaka. Kwamba pombe inakausha maji, chumvi zinatoka na mkojo, ukirudisha maji kazi imekwisha. Nusu nakubali: pombe huzima homoni inayoiamuru figo ibane maji, ndiyo maana mnywaji hashiki kiti.

Kinachonikera ni magnesiamu. Inapopungua, figo yenye afya huibania. Figo iliyozoea pombe inaimwaga tu. Na magnesiamu ikiisha ndani ya seli za mirija ya figo, milango ya kutolea potasiamu inabaki wazi: unampa mgonjwa potasiamu mkononi, anaikojoa. Nimekuta watu wamehangaika siku tatu kuipandisha potasiamu kutoka 2.8, ambayo ni ndogo mno, faili zima halina kipimo cha magnesiamu! Kalsiamu nayo hushuka, maana homoni ya parathiroidi inayoipandisha haitoki vizuri bila magnesiamu. Ukimpa kalsiamu peke yake, kesho imeshuka tena.

"Lakini magnesiamu tulipima, ni 0.78, iko sawa." Ndiyo, kawaida ni takriban 0.7 hadi 1.0 milimoli kwa lita. Ila majimaji ya damu yana chini ya asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwilini. Iliyobaki imo mifupani na ndani ya seli, ambako sindano ya maabara haifiki. Sasa mimi najuaje kama huyu wa 0.78 amepungukiwa? Kusema kweli, nakisia. Natazama mikono inavyotetemeka, halafu nakumbuka kwamba hata kukosa pombe kunatetemesha. Natazama potasiamu isiyopanda. Figo zikiwa salama, nampa magnesiamu.

Na hiyo dripu mnayoililia, ikiwa ya glukosi? Insulini inapanda, fosfeti, chumvi ambayo misuli inaihitaji kupata nguvu, inakimbilia ndani ya seli, na mtu aliyeingia wodini na fosfeti nzuri anaamka siku ya pili misuli imelegea, hata ya kupumulia. Kwa hiyo vitamini B1 kwanza, ambayo mwili unaihitaji kuitumia glukosi, magnesiamu pamoja nayo, na fosfeti ipimwe tena kesho yake hata kama ya leo inapendeza.