Eti mwandishi huzaliwa?

Utasikia mara nyingi: "Kutunga hadithi ni kipaji, kama hukuzaliwa nacho, usijisumbue." Dhana hii ni ya siku nyingi, na chanzo chake kinaeleweka. Msomaji hukutana na kazi iliyokamilika, haoni karatasi zilizochanwa.

Mtazame Shaaban Robert. Aliajiriwa Idara ya Forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akaitumikia hadi 1944. Karani huyo hakuwa na nafasi ya kukaa akingoja wahyi. Mashairi yake yalitoka katika Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, ambamo wasomaji walijibizana kwa beti. Ukikosea vina humo, kuna mtu Pangani au Tabora atakuona. Shule gani inashinda hiyo?

Hivyo ndivyo ufundi unavyokuja: vipande vifupi, mara kwa mara, mbele ya macho ya watu. Mwanzoni utaandika, "Mama alihuzunika sana." Mtu atauliza, ulijuaje? Unarudi kwenye sentensi: "Mama alimimina chai vikombe viwili, akakumbuka, chai ya kimoja akairudisha birikani." Neno huzuni limeondoka, na msomaji ameshaelewa kwamba kuna mtu hayupo tena mezani.

Sikatai, wapo wenye sikio jepesi la lugha tangu utotoni, hasa waliolelewa na bibi mwenye ngano. Lakini hata hilo ni sikio lililofunzwa, ila lilifunzwa jikoni, usiku, bila daftari.