Kimbunga kisichofika Mombasa, na kile kinachofika

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, jamaa, majirani na wauza samaki waliniuliza swali moja: kitafika? Wengi wao walikuwa na jibu tayari. Mji huu umezindikwa, waliniambia wazee. Masharifu waliousomea hawakuuacha wazi. Vijana nao walikuwa wakitumiana kwenye WhatsApp picha za mawimbi ya kutisha, mengine hata si ya Bahari Hindi.

Kazi yangu ni kusoma ramani za hali ya hewa, na nilichowajibu wazee ni kwamba kinga ipo kweli. Dua sizigusi, na mimi pia huitikia amina. Ila kinga ninayoiona mimi kwenye ramani ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayomhusu mwenye mashua.

Kimbunga hutaka bahari yenye joto la takriban nyuzi 27 za sentigredi au zaidi. Hilo sisi hatulikosi. Machi na Aprili, wakati wa tanga mbili, kaskazi imeshakufa na kusi haijashika, maji yetu yana joto la kutosha na kubaki. Tunachokosa ni msokoto. Hewa hukimbilia penye mgandamizo mdogo, na dunia kwa kuzunguka kwake huipinda njiani, ndipo ikawa inazunguka lile pengo la mgandamizo mdogo badala ya kuingia moja kwa moja na kulijaza. Nguvu hiyo ya kupinda huitwa nguvu ya Coriolis. Kwenye ikweta ni sifuri, na huongezeka kadiri unavyoiacha ikweta nyuma. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mauritius iko nyuzi 20, na huko nguvu hiyo ni kama mara tano ya iliyopo kwetu. Kwa hiyo vimbunga vya upande wetu huzaliwa kusini zaidi, na vingi, vikishasafiri magharibi, hupinda kuelekea kusini na kutupa kisogo. Madagaska nayo imekaa njiani kama ukuta.

Sasa tazama waliofikiwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, karibu na nyuzi 12. Aprili 1952 ilikuwa Lindi, nyuzi 10. Jobo cha 2021 kilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Dar es Salaam. Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Lakini linalonikosesha raha ni la tarehe 15 Aprili 1872, pale kimbunga kilipoishukia Unguja, kikabomoa majumba, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ilisalimika, na miaka iliyofuata karafuu ikawa ya Pemba. Unguja iko nyuzi 6. Kutoka hapo hadi latitudo yetu ni nyuzi mbili, takriban kilomita 220. Hiyo si kinga ya kulalia usingizi.

Tena swali lenyewe, "kitafika?", naliona pungufu. Watu wanawaza lile jicho la kimbunga linaloonekana katikati ya picha za setilaiti. Jicho likipita mbali, upepo na mawimbi yake hayapiti mbali. Mawimbi marefu hutangulia, yakaja pwani hali upepo bado umetulia, na mtu akaingia baharini akidhani ni siku ya kawaida.

Upande kimbunga kilipo ndio unaoamua utapigwa na nini. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Kikiwa kusini yetu, kama Hidaya, sisi tuko ubavuni mwake kaskazini, na upepo wake upande huo hutoka magharibi, yaani unatoka bara kwenda baharini. Mwenye ngalawa asiyetarajia hali hiyo husukumwa nje ya mwamba, na kurudi ni shida, kwa kuwa upepo anaoujua mwezi wa Mei ni wa kusi, unaomrudisha nyumbani. Kikiwa mashariki yetu, mambo hugeuka: upepo wake kwetu hutoka kusini na kuiongezea kusi nguvu. Hivyo ndivyo kilivyokuwa kimbunga Ialy, kilichopanda kaskazini Mei hiyo hiyo, kikapita mbele ya pwani yetu kuelekea upande wa Somalia, karibu na ikweta kuliko ilivyo kawaida ya vimbunga.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi hulijua kuliko sisi wa ofisini, nalo ni mwezi. Hidaya kilikuja mwishoni mwa Mfunguo Mosi, siku chache tu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, wakati wa maji mafu. Maji yakijaa hayapandi sana, na mwamba unabaki na kazi yake ya kuvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Ialy kilikuja mwezi ukikaribia kuwa mpevu, uliotimia tarehe 23 Mei, bamvua, yaani maji makubwa, ikikaribia. Bamvua maji yakijaa mwamba huzama sana, na mawimbi hupita juu yake hadi ukutani. Kimbunga kile kile, kikija wiki moja tu mapema au baadaye, huwa na madhara mengine kabisa.

Upo ujuzi wa mabaharia unaofaa kufundishwa kila mtoto wa pwani. Huku kwetu kusini mwa ikweta, ukiwa baharini dhoruba ikivuma, upe mgongo upepo: kitovu cha dhoruba kiko upande wako wa kulia. Upepo ukigeuka, geuka nao, utajua kinakwenda wapi.

Tahadhari tunazotoa hutaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi kwa mita. Ningependa ziongezewe mistari miwili: upepo utatoka wapi na unatarajiwa kugeukia wapi, na siku hiyo ni bamvua au ni maji mafu. Nahodha aliyetia nanga Bandari ya Kale akiyapata hayo ataamua mwenyewe kama abaki pale au aingize chombo ndani zaidi, huko Tudor, kabla maji hayajajaa.