Baridi ya Julai haileti nimonia
Julai ikifika Nairobi, watoto wengi hufungiwa ndani kwa imani kwamba baridi ndiyo huleta nimonia. Sivyo. Nimonia huletwa na vijidudu, hasa bakteria na virusi, vinavyosambaa kwa hewa na mikono. Sweta ni nzuri, mvalishe mtoto. Lakini chumba kilichofungwa, chenye jiko la makaa na watu wanaokohoa, kinanitia hofu kuliko upepo wa nje: moshi hudhoofisha mapafu machanga. Fungua dirisha, mzoeshe kunawa kwa sabuni, mwache acheze nje. Na tafadhali, usikose chanjo ya nimonia akiwa na wiki 6, 10 na 14. Akipumua haraka au kifua kikibonyea anapovuta hewa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.