Paka Mwenye Mafua: Kwanza Niambie Amekula Lini

Anayekuja kwangu na paka mwenye mafua huanza na chafya. Atanihesabia zote: tatu alfajiri, mbili baada ya adhuhuri, na haya macho, daktari, tazama tongo zilivyomjaa. Namsikiliza mpaka amalize, kisha namuuliza: amekula lini?

Hapa Lamu kila mtu ana jicho la kuwatambua paka. Anajua yupi wa sokoni, yupi wa msikitini, yupi kahama Langoni kuja Mkomani kwa sababu ya jike. Lakini wachache huangalia sahani. Paka huchagua chakula kwa pua kuliko kwa macho. Pua ikiziba, jodari mbichi atapitwa kama kipande cha ubao. Na paka hawezi kufunga kama mbwa. Akipitisha siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi lishindwe kazi. Ufizi na ndani ya masikio hugeuka manjano. Ndivyo paka aliyeanza na chafya anavyokufa kwa ini, na mwenyewe anabaki akisema ni mafua.

Wengi husema ni upepo wa kusi. Upepo hauna kosa. Mafua mengi ya paka huletwa na virusi viwili, hepesi ya paka na kalisi, na mara nyingine bakteria huingia kati. Msimu ninaouogopa ni ule wa vitoto, maana vimejaa kila ngazi na kinga waliyopewa na mama inaanza kuisha. Na swali ambalo kila bibi huniuliza akiwa amembeba mjukuu: hapana, mafua haya hayamwambukizi mtoto, wala mafua ya kawaida ya mtoto hayamwambukizi paka.

Vile virusi viwili havifanani tabia. Hepesi hupenda macho na pua: chafya mfululizo, jicho jekundu lililofumbwa nusu, wakati mwingine kidonda juu ya kioo cha jicho. Kalisi hupenda mdomo. Ukiona paka anatokwa na udenda, anaisogelea sahani kwa hamu kisha anarudi nyuma, huenda ulimi una vidonda. Vitoto vingine huchechemea siku mbili tatu, watu wakadhani wameanguka darini. Ila paka anayetokwa na udenda huku tabia imebadilika, akawa mkali bila sababu au anayumba, usimtie kidole mdomoni. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Mfungie chumbani, uite daktari.

Sasa pua. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe. Chovya pamba, bandika juu ya pua iliyokauka mpaka ukoko ulainike, ndipo ufute. Usibandue ukoko mkavu, chini yake pana ngozi mbichi. Macho nayo vivyo hivyo, kutoka kona ya ndani kwenda nje, na kila jicho na pamba yake. Mara tatu nne kwa siku, na lazima mara moja kabla ya chakula.

Mvuke nao husaidia. Mtie paka kwenye tenga, weka karai la maji ya moto kando ya tenga (si chini yake, na mahali asipoweza kulipindua), funika vyote kwa shuka ukiacha upenyo wa hewa, ukae naye dakika kumi. Maji matupu. Usitie mkaratusi, wala yale mafuta ya kupaka kifuani yenye kafuri. Vinavyotufungua sisi pua humdhuru yeye, maana atayalamba manyoya yake na ini lake haliwezi kuvivunja.

Hapo nimkumbuke bibi mmoja wa Mkomani aliyemfukiza paka wake udi siku mbili, kwa imani kuwa ni jicho la mtu. Sikubishana naye kuhusu jicho. Nilimwambia moshi wowote, uwe wa udi, wa ubani au wa dawa ya mbu, unachoma pua ambayo tayari ni kidonda. Akakihamisha chetezo chumba cha mbele, paka akabaki chumba cha ndani. Tukaelewana.

Pua ikishafunguka, mpe chakula papo hapo, na kiwe na harufu. Kichwa cha changu kilichochemshwa, ukatoa miba yote, ukampa kikiwa na uvuguvugu kama wa mwili, hakijatoka kwenye friji. Mpakie kidogo kwenye mguu wa mbele, ataulamba kwa mazoea ya usafi na huenda akakumbuka kula. Mchuzi wa samaki uliobaki usimpe: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, hata vikipikwa. Maziwa huwaharisha wengi, na mgonjwa wa mafua hana maji ya kupoteza. Kumlazimisha kwa bomba la sindano ni mpaka daktari akuoneshe namna. Chakula kikienda njia ya hewa utapata kichomi juu ya mafua.

Nikifika kwenye vidonge huwa napandisha sauti. Bwana mmoja alimpa paka wake nusu ya kidonge cha parasetamoli, kwa huruma tu, kwa vile alimshika masikio akayaona ya moto. Asubuhi aliniletea mnyama aliyevimba uso na miguu ya mbele, ufizi rangi ya kahawa, anahema. Ini la paka limekosa uwezo wa kuiondoa dawa ile mwilini. Sumu inayobaki huigeuza damu isiweze kubeba hewa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya kuokoa ipo, lakini ni mashindano ya saa chache, na usiku ule wote ulikuwa umeshapita. Aspirini na ibuprofeni msiziguse pia. Na masikio si kipimo cha homa: joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 na kitu hadi 39.2, yaani paka mzima kwetu sisi ni wa moto siku zote.

Dawa za macho za watu zina hatari yake. Nyingi zina steroidi ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi juu ya kidonda cha hepesi huweza kulipasua jicho. Usiitie mpaka jicho lichunguzwe.

Antibiotiki haiui virusi. Naitoa makamasi yakiwa mazito ya kijani au manjano na paka amelegea, maana hapo bakteria wameshapanda juu ya virusi. Mara nyingi huwa doksisaiklini, na sharti langu ni kwamba kila kidonge kifuatwe na maji kidogo au chakula. Kikikwama kooni huchoma umio, na utakuwa umemletea ugonjwa wa pili.

Mlete bila kungoja kesho akihema mdomo wazi, akipitisha siku nzima bila kula (kitoto, nusu siku), au jicho likiingia ukungu. Makamasi yakitoka tundu moja tu, nashuku jani, mwiba au kinyama kilichoota ndani, si mafua ya kawaida.

Kuna jambo la sahani. Tumelelewa tukijua paka si najisi, na ni kweli. Lakini sahani moja kwa paka wanane uani ni soko la virusi. Mgonjwa awe na chake, na wewe unawe mikono kabla ya kumshika mwingine. Hepesi hufa upesi nje ya mwili, ila kalisi inaweza kukaa wiki kadhaa. Osha kwa jiki, nusu kikombe katika lita nne za maji, suuza sana, anika juani. Ile dawa inayogeuka nyeupe kama maziwa ikichanganywa na maji iepuke, ni sumu kwa paka.

Paka aliyepona hepesi hubaki nayo maisha yake yote. Akihamishwa nyumba, au akiletewa paka mgeni, yapata wiki moja baadaye chafya hurudi. Chanjo haizuii kila kitu, lakini hupunguza makali. Tunaanza wiki ya 8 hivi, tunarudia kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Chupa zake huvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua ndani ya kasha la barafu, kwa hiyo usiponijulisha mapema siwezi kukuagizia.

Yule bibi wa udi alimtuma mjukuu siku ya tano. "Daktari, bibi asema paka kaiba nguru wa jirani." Nikaandika daftarini: pua imefunguka.