Float64Array haijui mistari wala safu

Nimeletewa tena msimbo wa JavaScript uliojaa NaN (thamani ya "si namba"), na chanzo ni kile kile: Float64Array, arei ya namba za desimali zenye baiti 8 kila moja, imedhaniwa kuwa jedwali. Mtu ameandika new Float64Array([[1, 2], [3, 4]]) akiamini ameunda matriksi ya mbili kwa mbili. Alichopata ni nafasi mbili tu, zote NaN, kwa sababu kila arei ya ndani hugeuzwa kuwa namba moja, na "1,2" si namba. Kwa Uint8Array, arei ya namba nzima za 0 hadi 255, hali ni mbaya zaidi: unapata sifuri mbili, ambazo ukizitazama huwezi kuzishuku. Wengine huandika new Float64Array(3, 4). Hiyo 4 haisomwi kabisa. Unabaki na nafasi tatu.

Bafa, yaani kumbukumbu iliyo chini ya arei hizi, ni baiti zilizopangwa mfululizo, basi. Vipimo ni hesabu yako wewe. Ukitaka mistari 3 na safu 4, andika new Float64Array(3 * 4): baiti 96, zote zikiwa sifuri tangu mwanzo. Kipengele cha mstari i na safu j kipo a[i * 4 + j]. Kipimo cha tatu chenye ukubwa d kikiingia, inakuwa (i * 4 + j) * d + k.

Nakusihi, hesabu hiyo iandike ndani ya fanksheni moja, na ukaguzi wa mipaka uwe humo humo. Ukiita mstari 0, safu 4, JavaScript haitalalamika: itakupa kipengele cha kwanza cha mstari unaofuata. Ukiandika nje ya arei nzima, thamani hupotea kimya kimya. Nimeona watu wakitafuta kosa la namna hii siku nzima. Na haya hapa madai mengine ya kusahihisha:

"Array(3).fill(new Float64Array(4)) inatoa mistari mitatu." Inatoa mstari mmoja ulioitwa mara tatu, badilisha mmoja, yote imebadilika.

"slice na subarray ni mamoja." Hapana. slice hunakili, subarray hutumia kumbukumbu ile ile.

"Namba ikizidi, nitaonywa." Weka 300 kwenye Uint8Array uone: inabaki 44, bila onyo lolote.

"Kupindua matriksi (mistari iwe safu) ni lazima kuhamisha data." Si lazima. Badilishana hatua (idadi ya nafasi za kuruka) za mistari na za safu kwenye ile fanksheni ya kuhesabu nafasi, data ikae ilipo.

"Naweza kuanza kusoma bafa kwenye baiti yoyote." Kwa DataView, njia nyingine ya kusoma bafa, ndiyo. Float64Array hukubali tu baiti inayogawanyika kwa 8. Ukianzia baiti ya 4 unapata RangeError (kosa la thamani isiyoruhusiwa), na angalau hapo lugha imekuambia ukweli mapema.