Je, Wajua Mhusika wa Vichekesho Huhamaje Kutoka Stesheni Moja hadi Nyingine?

Mchekeshaji anayependwa akitoweka kwenye stesheni moja na kuibukia kwenye nyingine, wateja wa vinyozi wa Kondele mjini Kisumu huwa na jibu tayari: ameongezewa pesa. Huenda ni kweli, lakini jibu hilo halielezi kwa nini baadhi ya wahusika huhama na jina na vituko vyao vyote, ilhali waigizaji wengine hulazimika kuanza upya kwa jina geni.

Mhusika hana mwenyewe mmoja. Sura na sauti ni za mwigizaji, lakini umiliki wa hadithi na vipindi vilivyokwisha kurekodiwa hutegemea mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huiweka haki ya kazi iliyotungwa kazini, au kwa kuagizwa, mikononi mwa mwajiri au aliyeiagiza, isipokuwa pande zote zimekubaliana vingine. Kwa hiyo mtunzi aliyeajiriwa na stesheni akiondoka humwacha mhusika wake huko huko, lakini mtayarishaji wa kujitegemea aliyeuza tu haki ya kuonyesha kipindi kwa muda fulani anaweza kusubiri muda huo uishe, kisha akabishe hodi kwingine. Jina tupu halilindwi na hakimiliki. Mwenye busara hulisajili kama alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 10 na huweza kusajiliwa upya.

Mfano wa kuvutia zaidi ninaoujua ni wa Uingereza. Alan Partridge, mtangazaji wa kubuni mwenye majivuno anayeigizwa na Steve Coogan, alianzia kwenye redio ya BBC mwaka 1991, akapanda hadi runinga ya shirika hilo hilo mwaka 1994. Mwaka 2010 alirudi kwa vipindi vifupi vya intaneti, ambavyo baadaye vilionyeshwa na stesheni ya runinga ya Sky Atlantic, na mwaka 2019 akawa tena BBC. Vipindi hivyo vya intaneti vilitayarishwa na Baby Cow, kampuni ambayo Coogan mwenyewe aliianzisha pamoja na mwenzake. Isitoshe, watunzi waliingiza kuhamahama kwenye hadithi: Partridge hupoteza kipindi cha runinga, huishi hotelini kando ya barabara na kutangaza alfajiri kwenye redio ndogo ya Norwich, hivi kwamba kila anapobadilisha stesheni mtazamaji huona ni mkosi mwingine wa maisha yake.

Papa Shirandula, mhusika wa stesheni ya Citizen ya Kenya, angekuwa mzigo mzito zaidi kuhamisha. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020 na kuzikwa Busia, alimwigiza kama mlinzi anayeficha kazi yake: hutoka nyumbani kwa suti, kisha hubadilisha na kuvaa sare. Kichekesho hicho hakisimami bila mkewe Wilbroda wala bila lango analolilinda, na kila mwigizaji ana mkataba wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uhamisho mwingi hukwama, kabla hata ya wanasheria kuitwa.

Anayetaka kukisia kama kipenzi chake anaweza kuhama aache magazeti ya udaku, asubiri majina yanayopita mwishoni mwa kipindi, kisha asome lililo kando ya mwaka wa hakimiliki. Likiwa la stesheni, safari ni ngumu. Likiwa la kampuni ya utayarishaji, mazungumzo na stesheni nyingine yanawezekana mkataba uliopo ukishakwisha.