Shule ya biashara si mahali pa kujifunza kuuza dukani

"Mangi hakusoma biashara na duka lake limejaa. Mwanangu akafanye nini chuoni miaka mitatu?" Moshi utalisikia sana hilo. Kweli, kuuza na kununua hujifunzwa dukani. Shule ya biashara ya chuo kikuu ina kazi nyingine: kuchunguza jinsi fedha za watu wengi zinavyosimamiwa, na kuandaa watakaozisimamia.

Mtazame mkulima wa Kibosho, kule Moshi. Anapeleka kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, anapewa stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani zinakatwa gharama za usafiri, ukoboaji na riba ya benki, ndipo yanakuja malipo ya pili, kama yapo. Makato yakiandikwa ovyo, mkulima anaumia bila hata kumwona aliyemwibia. Anayejua kuvisoma vitabu vya hesabu hizo ni wa thamani kuliko tunavyomhesabu.

Ndiyo maana Moshi, penye KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, tangu 1933, palianzishwa Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Leo ni chuo kikuu. Marekani, shule ya biashara ya Wharton ilianza 1881 ndani ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kuwa ndani ya chuo kikuu kuna maana kubwa: mwanafunzi anakutana na sheria, uchumi na takwimu, na mhadhiri ana wajibu wa kutafiti hata yasiyowapendeza wenye kampuni.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza wahadhiri wanatafiti nini na wanafunzi wanafanyia wapi mafunzo kwa vitendo.